Kijiti cha Koko

Nilikihamisha kile kijiti. Naanza hapo, ili msomaji asije akanipenda bure halafu akalalamika kwamba nimemdanganya. Nilikuwa na miaka kumi, nimechuchumaa kwenye ukingo wa kijito kilichokuwa kikinguruma kama lori la Sake linapopanda mlima limejaa makaa, matope yamenifika vifundoni, na harufu ya udongo uliopasuliwa na mvua imenijaa puani, harufu ya chuma na majani mabichi yaliyosagwa. Mbele yangu kijiti kilikuwa kimesimama ndani ya maji. Nikaking'oa, nikakipanda nyuma, hatua nzima ya mtu mzima kutoka majini, pale ambapo maji hayakuwa yamefika. Nilitaka kucheka tu. Nilikuwa na mtu wangu wa kumcheka, na nilikuwa nimemwandalia kila kitu, isipokuwa akili yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa nimeisahau Murara.

Lazima niseme jambo kuhusu sisi watoto wa Goma, maana bila hilo hakuna atakayeelewa ujinga wangu ulitoka wapi. Mtaa wetu wa Murara umekaa juu ya mawe ya volkano, mawe meusi yenye vitundu vitundu, na mvua ya kwetu ni mvua ya makelele. Inapiga mabati mpaka mnaacha kuongea, akina mama wanakimbiza sufuria na bidoni, yale madumu ya maji, chini ya paa, kisha inanyamaza, na kabla hujamaliza kupiga chafya mawe yameshainywa yote. Hakuna mto unaopita mtaani. Mtoto wa Goma anajua ziwa, anajua foleni ya bomba, anajua uzito wa bidoni, lakini mto anaujua kwa chaki. Mwalimu wetu wa shule ya msingi aliuchora ubaoni kwa rangi ya buluu, akaupamba kwa mishale, tukaimba chanzo, mkondo na mlango, na mimi nikapata alama nzuri sana katika mto ambao haukuwahi kunilowesha hata kidole. Hiyo ndiyo elimu niliyopanda nayo milimani. Maji huletwa na mvua, mvua ikiisha na maji yamekwisha. Nilikuwa na hakika kabisa, na mtoto wa miaka kumi mwenye hakika hana tofauti na beberu aliyeota pembe jana.

Ilikuwa likizo ya Pasaka, katikati ya majira ya mvua. Mama alinichukua mimi na mdogo wangu Neema, ambaye bado alikuwa wa kubebwa mgongoni, akatupeleka kwa mama yake huko kwenye vilima vya Masisi. Papa alibaki Murara kulinda nyumba, maana miaka ile nyumba ya mbao ikiachwa peke yake vitu vilikuwa vinatoka vyenyewe, vikianza na kitasa. Vita vilikuwepo milimani, bila shaka. Lini havikuwepo? Watu walisema vimelala, kama wanavyomsema mbwa wa jirani. Sitawataja waliokuwa wakipigana. Walijiita kwa herufi, kila kikundi na herufi zake, alfabeti nzima ilikuwa imepanda mlima na bunduki begani, na sijawahi kukutana na mwanakijiji aliyeweza kunieleza zile herufi maana yake ni nini, isipokuwa kwamba zinapenda sana mbuzi wa watu.

Mama wa Mama tulimwita Koko. Watu wakisikia bibi wa kijijini wanatarajia mwanamke mpole anayegawia wajukuu mahindi ya kuchoma. Poleni. Koko wangu alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe walioko kilima cha pili, na aliitumia sauti hiyohiyo kukuomba chumvi ukiwa umekaa karibu naye. Aligombana na majirani kwa zamu, nyumba hadi nyumba, kama padri anayetembelea waumini. Lakini macho yake, hapo lazima nivue kofia. Angekaa mlangoni anachambua maharagwe, akainua kichwa kidogo, akasema yule mbuzi mwekundu kwenye kilima cha ng'ambo anachechemea mguu wa nyuma, na jioni mwenye mbuzi angepita akilalamika juu ya mguu. Alijivunia macho hayo kuliko ng'ombe zake. Mimi aliniita mutoto ya mawe, kwa sababu ya Goma, na alinitazama nikitembea kwenye matope kama mtu anavyomtazama kuku aliyeangukia bwawani.

Kila mvua ilipokatika tulikuwa na kijito cha kuvuka, twende shambani au kwa ng'ombe, na kila kijito kilikuwa darasa la matusi. Kwanza Koko hakuyatazama maji. Alitazama juu, kwenye kichwa cha mlima, kwa sababu, alisema, maji unayoyaona miguuni ni habari za zamani, habari mpya bado zinateremka. Kama wingu jeusi limekaa kule juu, hata jua likuchome shingo namna gani, wewe bado uko ndani ya mvua. Baada ya kutazama alisikiliza. Ukisikia mawe yanagongana chini ya maji, njia imefungwa, hakuna mjadala. Halafu ikaja rangi. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yanaweza kuzungumzika, lakini maji yanayobeba majani mabichi na mizizi yanakuambia kwamba huko juu mlima umemeguka, basi kaa chini ule kiazi chako. Alivuka mahali palipotanuka, kamwe si mahali pembamba, ingawa pembamba panamvutia mpumbavu kwa sababu ni hatua chache, na kila aliposema mpumbavu alinigeukia mimi ili nisidhani ni mwingine. Mzigo alilegeza kamba zake kabla ya kuingia, aweze kuuachia ukimvuta. Uso aliuelekeza maji yanakotoka, fimbo mbele, mguu mmoja ukishika ndipo mwingine uondoke.

Na juu ya hayo yote kulikuwa na kijiti. Mtu wa kwanza kufika kwenye kijito kilichojaa hukata kijiti, hukifunga fundo la nyasi kichwani, hukisimika palepale maji yanapogusana na udongo, kisha hukaa. Maji yakikizunguka kijiti, yanapanda, ngoja. Yakikiacha nyuma, yanashuka, jiandae. Wala hukiondoi ukishavuka, kwa sababu kuna mtu nyuma yako ambaye hutamwona maishani, na yeye atakisoma. Katika vilima vile watu waliibiana ng'ombe, waliibiana mipaka ya mashamba, wengine waliibiana hata waume, lakini sikuwahi kusikia mtu aliyegusa kijiti cha mto. Koko alikuwa anachuchumaa kando yake, anakandamiza kiganja kwenye udongo, anasikiliza kwa mkono mtetemeko wa mawe. Mimi niliona ni mambo ya wazee tu. Nilimwiga nyuma ya mgongo wake, nimechuchumaa, kiganja chini, nimefumba macho kama askofu, na Neema alicheka mgongoni kwa Mama mpaka akapata kwikwi. Mama naye alitabasamu, akageuza uso ili Koko asimwone.

Sasa huyo niliyetaka kumcheka. Tonton Faustin alikuwa mdogo wake Mama, karani katika ofisi moja ya Goma, mtu aliyetembea na kalamu mfukoni hata siku ya Jumapili. Alikuwa amepanda kuja kuchukua viazi na jibini, safari ya matope kuanzia mwanzo hadi mwisho, na aliifanya akiwa amevaa viatu vya ngozi vya rangi ya karanga vilivyochongoka mbele kama mdomo wa ndege. Alivifuta kila tuliposimama. Kwenye kijito chochote aliokota jiwe, akalitupa katikati, akainamisha kichwa kusikiliza linavyoanguka, halafu akatangaza matokeo. Koko alimuuliza siku moja jiwe limemjibu kwa lugha gani. Tonton akasema kwa utulivu wa watu wa ofisi, "Mama, mi nilisoma." Mpaka leo sijui ni shule gani hiyo inayofundisha kutupia mito mawe, lakini kama ipo, nadhani mimi na yeye tulikaa dawati moja.

Siku vita vilipoamka ilikuwa asubuhi, tunakunywa uji. Mlio wa kwanza ulitoka nyuma ya kilima cha mashariki, mkavu, kama mtu anavunja kuni, kisha akavunja nyingi kwa pamoja. Hakuna aliyeuliza ni herufi zipi. Barabara kubwa ilikuwa imefungwa na haohao, kwa hiyo kijiji kikamwagika kwenye vijia vya nyuma kuteremka hadi mji wa Sake, kila familia kwa njia yake. Koko aliwaacha ng'ombe wake kwa kijana wa jirani, akawatukana wote kwa majina wakati wa kuaga, na huko ndiko kulia kwake. Mama alimfunga Neema mgongoni kwa kikwembe cha njano, Tonton akabeba mkoba wake na nusu gunia la viazi ambalo hakukubali kuliacha, mimi nikabeba jibini moja na mdomo wangu. Mvua ilitukuta kwenye mteremko. Ilinyesha kama inatulipiza kitu, ikatugonga mpaka katikati ya asubuhi, halafu ikakatika ghafla na jua likatoka. Tulipofika kwenye kijito, kile ambacho wakati wa kiangazi mbuzi hukivuka bila kulowa tumbo, kilikuwa kimekuwa mnyama.

Koko alikitazama mara moja. Akakata kijiti, akakifunga nyasi, akakisimika kwenye ukingo, akachuchumaa na kuweka kiganja chake. Kisha akasimama na kusema anapanda kidogo kutafuta mahali palipotanuka, na kuona uso wa mlima, kwa sababu kutoka pale miti ilikuwa imeuziba. "Hakuna mutu avuke mpaka nirudi," alisema. Alikuwa anamwambia Tonton. Mama akaenda nyuma ya jiwe kubwa kumnyonyesha Neema. Tonton akakaa juu ya gogo, akachuma jani, akaanza kuvifuta viatu, huku akinung'unika kwamba watu wenye bunduki hawangoji mtu mzee amalize kusoma mlima. Na kweli kuni ziliendelea kuvunjwa huko nyuma yetu, mbali bado, lakini si mbali kama asubuhi. Jua lilikuwa linanichoma. Mvua ilikuwa imekwisha. Nikakiona kijiti, maji yamekizunguka mguu, na kwenye kichwa changu kilichojaa chaki likazaliwa lile wazo.

Lilikuwa wazo zuri, hata leo naliheshimu kama wazo. Nikisogeze kijiti juu, Tonton atainua macho, ataona maji yameshuka, atasimama kwa fahari ya karani, atatupa kijiwe chake, ataingia, na kile kiatu chenye mdomo wa ndege kitazama kwenye matope mpaka kamba. Basi. Hesabu yangu iliishia kwenye kamba za viatu. Maji yenyewe niliyaona ni ya kupita, mvua si imekatika, dakika chache mawe yatayanywa. Hivyo nikaking'oa, nikakipanda juu, nikasawazisha tundu la zamani, nikakandamiza udongo kwa kiganja ili kijiti kisimame vizuri kama cha Koko. Nilifanya kazi safi. Kama ningefanya hesabu za darasani kwa uangalifu ule, leo nisingekuwa napigiwa kelele kuhusu mtihani wa serikali. Kisha nikaenda kujibana nyuma ya kichaka, mkono mdomoni, nikingoja kucheka.

Tonton hakuinua macho. Alikuwa kwenye kiatu cha pili. Aliyetoka nyuma ya jiwe ni Mama, Neema mgongoni, amelala. Wakati uleule kuni zikavunjwa karibu zaidi, safari hii kwenye kilima chetu, na Mama akageuka kuelekea kijito. Akakiona kijiti. Mama alizaliwa vilimani, hakuhitaji kufikiri. Alikisoma kama sisi tunavyosoma jina la duka. Akakikaza kikwembe, akaokota fimbo, akageuza uso kuelekea maji yanakotoka, akaingia. Ningependa kuandika kwamba nilipiga kelele. Nilifungua mdomo, hilo ni kweli, na kitu kilichotoka hata mimi sikukisikia. Maji yalimfika magotini, yakamfika mapajani, kisha jiwe moja likasogea chini, nililisikia, ule mlio mzito uliozibwa, na fimbo ikaondoka mkononi mwake, na Mama hakuwepo tena pale. Kulikuwa na kikwembe cha njano kinachoteremka na maji.

Na sasa sehemu inayoniudhi kuisimulia. Tonton Faustin, karani, mtupa mawe, aliingia na viatu vyake. Hakuvua, hakutazama, hakusikiliza jiwe lolote. Alikimbia ukingoni akawapita, akajirusha mahali kijito kinapokunja kona, akajishikiza kwenye mizizi kwa mkono mmoja, na kwa ule wa pili akadaka njano. Akaing'ang'ania. Mkoba ulikwenda, viazi vilikwenda, yeye mwenyewe alikuwa anakwenda, mpaka Koko alipoteremka kutoka juu na sauti yake na fimbo yake ndefu, akawavuta mmoja baada ya mwingine, akitukana mto kwa Kihunde, lugha ambayo mto bila shaka uliielewa. Neema alikuwa amenyamaza. Koko akamshika miguu, akamwinamisha, akampiga mgongoni, mara moja na tena, na Neema akatapika matope na kutoa kilio kibaya kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Nimesikia kwaya za Goma, nimesikia vinanda vya umeme vya makanisa yote ya Murara vikishindana Jumapili asubuhi. Hakuna kilichonipendeza kama kile kilio.

Walipoketi chini wakitetemeka, Koko alipanda polepole hadi kwenye kijiti. Akasimama mbele yake. Akakitazama, akatazama maji, ambayo sasa yalikuwa yamepanda zaidi na yananusa mguu wa kijiti mahali papya. Akachuchumaa, akaweka kiganja, akakiondoa. "Ni hapa nilikipanda?" aliuliza, na hakuwa anamuuliza mtu. Mimi nilikuwa karibu naye, naweza kusema ubavuni kwake, na jibini langu. Nilinyamaza. Mara ikafika familia nyingine inayokimbia, baba, mama, watoto na mbuzi, na yule baba alipomwona Koko uso wake ukapata nafuu, kwa sababu vilima vyote vilimjua. Akamuuliza, "Mama, maji iko namna gani?" Koko hakuinua kichwa. Akasema, "Uliza wengine. Macho yangu haioni tena muzuri." Basi wakamuuliza Tonton, akiwa amelowa na damu inamtoka kiwikoni, na Tonton akaokota jiwe, akalitupa. Tulivuka mchana ule, maji yalipochoka yenyewe, wote tukiufuata mgongo wa karani.

Alifika Sake na kiatu kimoja. Nilimcheka njia nzima, ndiyo, nilikuwa na uso wa kufanya hivyo. Tangu siku ile amekuwa bingwa wa mito katika ukoo wetu. Kila Noeli mto unazidi upana, maji yanazidi kumpanda shingoni, na mwaka jana kwa mara ya kwanza alitokea mamba, katika kijito cha baridi ambacho hata chura anakiogopa. Watu wanamsikiliza, wanamwongezea nyama. Mimi namtazama na ninamdharau kwa roho safi, isipokuwa pale kwenye viatu. Kila simulizi lake likifika kwenye viatu, natoka nje kutafuta maji ya kunywa.

Koko hakurudi milimani. Anaishi nasi Murara, kwenye chumba cha nyuma, juu ya mawe meusi, mahali ambapo mvua ikikatika hakuna cha kusoma. Siyo yeye peke yake. Nendeni Kibati mkatazame mahema ya waliokimbia vita, watu waliotoka upande wa Rumangabo na wale wa kwetu, wanaume wanaoweza kukuambia kwa kunusa upepo kama ng'ombe atavuka au hatavuka, wamesimama kwenye foleni ya bidoni wakingoja gari la maji, na vijana wa rika langu wanapita na simu wakiwaita watu wa porini. Vijana wa rika langu, ambao Jumamosi wanapanda vilima kupiga picha, wanafika kwenye kijito kilichojaa na kuuliza simu kama mvua imekwisha. Herufi nazo zimeongezeka, zimeshuka mpaka mjini, zimetutembelea hadi Murara. Darasani tunaendelea kuchora mito kwa buluu. Sijui nicheke upande upi kwanza.

Lakini kinachonikaa kooni ni miwani. Koko aliposhikilia kwamba macho yake yamekufa, kwamba karibu amuue mtoto wake na mjukuu wake kwa sababu ya kutoona, Tonton alimletea miwani kutoka sokoni, minene, ya mtu mwingine kabisa. Naye akaivaa kwa utiifu, yeye ambaye hakuwahi kumtii hata chifu. Akivaa ile miwani anaona mawe mahali hayapo na hayaoni mahali yapo, anatembea uani akipapasa hewa, na majirani wanasema maskini, uzee. Aliacha kugombana. Mtu akimuuliza kama mvua itanyesha, anasema uliza batoto. Hivi karibuni njia ya kijijini ilifunguka, Mama na Tonton wakataka kupanda kuona shamba, mvua ya Pasaka ikiwa imeanza, na wakamwomba Koko aje awaonyeshe vivuko. Akakataa. Akasema akienda ataua mutu. Basi Tonton akasema haina neno, yeye atawaongoza, ana uzoefu. Nikamwazia Mama kwenye ukingo wa kijito kilichojaa, mbele ya mtu anayetupa jiwe. Jioni hiyohiyo Koko alianguka uani na ile miwani, akachubuka goti kwenye jiwe la volkano, akaketi palepale alipoangukia, hakutukana. Hata jiwe hakulitukana.

Nikasema. Nilisema yote, kiatu, kamba, kichaka, kiganja, nimesimama mlangoni kwa jikoni, Mama akiwa kwenye ungo wa maharagwe na Koko akiwa na kitambaa gotini. Nilijaribu kuweka utani mahali pawili ukanifia mdomoni. Koko akauliza, "Ulikipeleka wapi?" Nikamwonyesha kwenye udongo, hapa kilikuwa, hapa nikakileta. Akapima umbali kwa mkono wake mwenyewe, akaurudia, na kitu kikaanza kumpanda kutoka tumboni hadi kooni, nikadhani ni kilio. Ilikuwa ile sauti. Aliniita shetani ya Murara, aliniita mutoto ya mawe mwenye mawe kichwani, akataja ukoo wa Papa hadi walioko kaburini, kuku wakakimbia, jirani akazima redio yake ili asikie vizuri. Akavua miwani, akanitupia kifuani. "Pelekea Faustin hii vitu," alisema, "avae kwa miguu." Kisha akainua kichwa, akatazama juu ya mabati ya jirani, mbali, kuelekea Masisi, akasema kesho asubuhi itanyesha huko, wataondoka keshokutwa, na yeye ndiye atatangulia.

Mama alikuwa ameacha kuchambua, vidole vyake vimebaki ndani ya maharagwe, na ananitazama kama mtu anayeniona kwa mbali.

"Nilikuona kwa kile kijiti, niko nyuma ya jiwe nanyonyesha," alisema. "Ulikuwa umechuchumaa, mukono chini, sawa Koko. Nikajiambia, leo mutoto wangu amejua maji. Ndiyo maana sikumungoja mama, nikavuka."